Taka za Ua Wako Zinakwenda Wapi?

Kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, wananchi wengi wa mijini hushikwa na hamu ya kutengeneza nyua zao. Mwalimu yupo likizoni na mtumishi wa Serikali amepata siku zake za mapumziko. Hapo ndipo ua wa michongoma uliozeeka hung'olewa, visiki huchimbuliwa, sakafu ya nje iliyopasuka huvunjwa na bustani mpya hupimwa kwa kamba. Jambo hili ni jema. Mtu anayetunza mahali anapoishi huonyesha kwamba anajiheshimu na anawaheshimu jirani zake.

Lakini kazi hiyo ina upande wa pili ambao hatupendi kuufikiria. Baada ya siku tatu za jembe na nyundo, mbele ya nyumba husimama chungu ya matawi, udongo, mizizi, vigae na vipande vya zege. Fedha zote zimekwisha kwa saruji na ujira wa mafundi. Mwenye nyumba huitazama chungu ile na kujiuliza swali moja tu: nani ataiondoa kwa bei ndogo? Swali la pili, ambalo ndilo kubwa, haulizi. Haulizi taka zile zinakwenda wapi.

Naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe sikuuliza. Miaka michache iliyopita nilivunja sakafu ya uani kwangu na kung'oa michongoma. Akapita kijana mwenye guta, tukapatana bei, na akanihakikishia kwamba hadi jioni uwanja utakuwa mweupe. Alitimiza ahadi. Nilimlipa, nikamshukuru, nikaingia ndani nikijiona mtu hodari wa kubana matumizi.

Mwezi wa Aprili mvua zilipokolea, maji yalikwama katika kalvati lililo chini ya shule ya msingi ya mtaani kwetu. Yalipokosa njia yakapanda, yakaingia katika madarasa mawili. Wazazi tukaitwa na mwenyekiti wa mtaa kwenda kuzibua. Katika tope lile nikayavuta matawi ya michongoma yenye miiba, kisha mizizi, kisha kipande cha zege. Nilikitambua mara moja. Kilikuwa na tarakimu za mwaka nilizoziandika kwa kijiti siku saruji ilipokuwa mbichi. Sikusema neno. Nilikitia katika karai pamoja na mengine, nikaendelea kuchimba kando ya mwalimu wa darasa la pili, ambaye madaftari ya watoto wake yalikuwa yameanikwa juani.

Wapo watakaosema kwamba kosa lilikuwa la kijana yule. Mimi sikubali. Kijana alifanya biashara niliyoitaka mimi. Dampo kuu la Dar es Salaam lipo Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Mtu mwenye kuweza kujumlisha na kutoa, na wasomaji wa ukurasa huu wote wanaweza, angejua kwamba kwa fedha niliyompa, guta lile lisingeweza kufika huko na kurudi hata mara moja, sembuse mara sita. Bei ile peke yake ilikuwa ushahidi kwamba taka zangu hazikwendi dampo. Nilinunua ukimya wangu mwenyewe.

Basi hapana budi tuseme wazi: bei ndogo ya namna hiyo haipo. Ipo gharama ambayo imehamishwa kutoka mfuko wa mwenye nyumba mmoja kwenda kwa watu wengi wasiohusika. Hulipwa na mtoto ambaye darasa lake limejaa tope, na mama ambaye jiko lake limeingia maji. Hulipwa pia na Halmashauri, ambayo hutumia fedha za kodi kuchimbua mtaro uleule uliochimbuliwa mwaka jana. Katika nchi iliyojifunza kuchukia unyonyaji, yafaa tujiulize kama huu nao si unyonyaji, ingawa ni mdogo na hufanyika kwa guta.

Tusisahau kwamba kila taka inayoondoka kwetu inakwenda kwa jirani wa mtu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa karibu na makazi yao. Mahakama iliwapa haki, na miaka ya mwanzo ya 1990 taka zikahamishiwa Vingunguti. Kutoka Vingunguti zilipelekwa Mtoni, na kutoka Mtoni zikapelekwa Pugu Kinyamwezi. Mwishowe dampo likawa mbali zaidi na jiji, na safari ya lori ikawa ndefu zaidi na ghali zaidi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtu wa kawaida kuona kwamba kuondoa kifusi kwa njia halali ni anasa. Wala sababu hiyo haitaondoka kwa kulalamika. Itapungua tu ikiwa tutapunguza mzigo wenyewe na kugawana safari.

Hebu tuanze na kupunguza mzigo. Watu wengi huchanganya kila kitu katika chungu moja, kisha hutafuta lori la kuibeba yote. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni kosa la fedha kabla halijawa kosa la usafi. Taka za bustani si kitu kimoja. Zipo aina nne au tano, na kila aina ina njia yake.

Majani, nyasi na matawi membamba si taka hata kidogo, ni mboji ambayo haijaiva. Yakikatwakatwa, yakapangwa kwa tabaka pamoja na samadi au mabaki ya jikoni, yakanyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili, katika joto la nchi yetu huwa mbolea baada ya miezi michache. Mtu anayelipa lori lichukue majani yake, kisha akanunua mbolea ya kupandia bustani mpya, amelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Walimu wanalijua jambo hili kuliko sisi wengine. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, bustani ya shule imekuwa sehemu ya mafunzo, na shule yenye bustani haiwezi kukataa majani safi.

Matawi manene na visiki ni kuni. Yakikatwa kwa vipimo na kukaushwa, hayakosi mwenye kuyahitaji, awe mama lishe au mchoma matofali. Kuyachoma moto uani ili yapungue ni jambo baya, kwa maana moshi wake huingia nyumba ya jirani mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kifua.

Vipande vya zege, matofali na mawe vina soko lake. Mjini humu humu watu hununua kifusi kwa ajili ya kujaza sakafu za nyumba wanazojenga. Inashangaza kwamba katika mtaa mmoja mtu analipa ili kifusi chake kiondoke, na nyumba ya tano kutoka kwake mtu mwingine analipa ili kifusi kama kile kiletwe. Kinachokosekana kati yao ni mazungumzo tu. Lakini hapa pana onyo. Kifusi ni cha kujazia msingi halali wa nyumba, wala si cha kujazia bonde, mto au njia ya maji ili kupata kiwanja cha bure. Udongo wa juu, ule mweusi, usiondoke kabisa katika ua, maana ndio chakula cha bustani itakayopandwa.

Baada ya hayo, kinachobaki ndicho hasa cha kubebwa: vigae vilivyosagika, vyuma vilivyooza, plastiki, udongo wa ziada na mizizi iliyochanganyika na saruji. Mara nyingi huwa ni sehemu ndogo ya chungu ile ya mwanzo. Mwenye nyumba zilizojengwa zamani naye awe mwangalifu zaidi, maana nyumba nyingi za miaka hiyo ziliezekwa kwa asbesto. Vipande vyake visivunjwe wala kuchanganywa na kifusi, kwa sababu vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Kwa hayo mtu amwone ofisa wa afya kabla hajagusa kitu.

Sasa tuje kwenye kugawana safari. Katika nchi za wenzetu jambo hili lina utaratibu uliozoeleka. Huko Uingereza, kwa mfano, mwenye nyumba anayetengeneza bustani hukodi kontena la chuma lililo wazi juu. Kampuni hulileta kwa lori, huliacha kwa siku kadhaa, na likijaa huja kulichukua. Makontena hayo yana ukubwa wa namna mbalimbali, na lile litumikalo zaidi na wajenzi hubeba kiasi cha meta 6 za ujazo. Likiwekwa barabarani hutakiwa kibali cha halmashauri, na haliruhusiwi kujazwa kupita ukingo wake. Tangu tarehe 1 Oktoba 1996 kila tani inayofukiwa dampo hutozwa kodi, nayo ina viwango viwili: udongo na mawe safi hutozwa kiwango cha chini, na taka nyingine kiwango cha juu. Kwa hiyo mwenye kuchanganya hulipia uvivu wake. Aidha, sheria humtaka mwenye nyumba ahakikishe kwamba anayemkabidhi taka ameidhinishwa kuzibeba. Hawezi kusema hakujua.

Hatusemi kwamba tuige kila la wageni. Kukodi kontena zima kwa nyumba moja ni mtindo wa nchi tajiri, na hata huko wengi hulalamikia bei. Lakini ipo hekima mbili ndani ya utaratibu ule. Ya kwanza ni kwamba unalipa kwa ujazo na kwa safari, si kwa idadi ya nyumba. Ya pili ni kwamba wajibu wa mwenye taka hauishii getini kwake.

Tukichukua hekima ya kwanza, sisi tunayo silaha ambayo wao wameipoteza, nayo ni mtaa unaojuana. Tunao mabalozi wa mashina, tunao wenyeviti wa mitaa na tunazo kamati zao. Ikiwa nyumba nne au tano zinazotaka kutengeneza nyua zitapatana wiki moja, zitakodi tipa moja au kontena moja, nalo litaondoka limejaa. Kila nyumba italipa sehemu yake. Leo kila mmoja hukodi peke yake, na lori huondoka nusu tupu, huku bei ya mafuta na dereva ikiwa ileile.

Katika kukodi, yafaa pia tujue hesabu kidogo ili tusidanganywe. Pima urefu, upana na kina cha sanduku la gari, kisha zidisha. Sanduku la meta 3 kwa meta 1.7 kwa kina cha meta 0.4 lina ujazo wa meta 2 hivi. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kiasi cha tani moja na nusu, na ukilowa huzidi. Kwa hiyo sanduku hilo likijazwa udongo tayari limebeba tani 3, ambazo lori dogo halipaswi kuzizidisha sana. Matawi ni kinyume chake. Yakipakiwa bila kukatwa hujaza gari upesi, lakini kilichobebwa kwa sehemu kubwa ni hewa. Mtu mwenye panga na subira ya asubuhi moja anaweza kupunguza safari mbili zikawa moja. Patana bei kwa safari iliyojaa na kwa mahali palipotajwa, si kwa maneno ya jumla kwamba "nitakuondolea". Na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kuona stakabadhi ya dampo au ya kituo cha kukusanyia taka.

Hapo tunafika kwenye hekima ya pili, na hapo viongozi wetu nao hawana budi kuulizwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu. Mwananchi akitakiwa kufuata sheria, lazima aonyeshwe mlango wa kuingilia. Je, ni mitaa mingapi ambako mwalimu anaweza kusoma ukutani, katika ofisi ya mtendaji, ada ya kutupa kifusi, mahali pa kukipeleka na majina ya wenye magari walioidhinishwa? Pale ambapo tangazo kama hilo halipo, mwenye guta ndiye anayebaki kuwa halmashauri. Tena vijana hao wasichukuliwe kuwa maadui. Waandikishwe, wapewe kituo cha karibu cha kushushia, na maroli makubwa yachukue kutoka hapo kwenda mbali. Guta linafaa sana kwa safari fupi. Makosa huanza tunapolidai lifanye kazi ya lori.

Vilevile tusitosheke na usafi wa siku moja. Tarehe 9 Desemba 2015, kwa agizo la Rais John Magufuli, sherehe za Uhuru zilibadilishwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Wananchi waliitika. Hata hivyo wengi wetu tumewahi kuona mambo haya: mtaro unazibuliwa kwa jasho asubuhi, tope na matawi yanalundikwa kandokando yake, picha zinapigwa, watu wanatawanyika. Mvua ya kwanza inalirudisha lundo lote mtaroni. Usafi usio na gari la kubebea ni mazoezi ya viungo tu. Kabla ya kupiga mbiu ya kuwaita watu na majembe, kiongozi ahakikishe kontena limekwisha kufika.

Si vigumu kuona pa kuanzia. Kila mtaa uchague wiki mbili kwa mwaka, moja mwezi wa Februari kabla ya masika na moja mwezi wa Septemba kabla ya vuli, ziwe wiki za kutengeneza nyua na kuondoa kifusi. Kamati ya mtaa iandikishe wanaotaka kushiriki, ipatane bei ya kontena au tipa kwa niaba yao, na itangaze mapato na matumizi hadharani. Majani yaende kwenye mboji, na kifusi safi kipelekwe kwa anayejenga. Mabaki yaende dampo na stakabadhi ibandikwe ubaoni. Hakuna msaada wa kutoka nje unaohitajika katika mpango huo, wala semina.

Sisi watumishi wa umma na walimu tunapaswa kuwa wa kwanza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo, na katika vikundi vingi aliyeongoza alikuwa mwalimu au mtumishi. Watu hawakufuata maneno ya redioni peke yake. Walimfuata jirani waliyemwona akichimba cha kwake kwanza. Haiwezekani ofisa atie saini barua ya kukataza utupaji ovyo wa taka ofisini, kisha Jumamosi amwite mtu wa guta bila kumwuliza aendako.

Mvua kubwa za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 Dar es Salaam na kuwalazimisha wakazi wengi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Ni kweli kwamba mvua zile zilikuwa za ajabu, na kwamba mafuriko yana sababu nyingi kuliko matawi ya michongoma. Hatuwezi kuizuia mvua. Kalvati, lakini, si kazi ya mbingu. Lililo chini ya shule yetu lilizibwa na mtu mmoja aliyetaka kuokoa fedha kidogo, na mtu huyo namfahamu vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishika jembe mwaka huu kutengeneza bustani yako, hongera. Tenganisha taka zako na wagongee jirani zako mlango ili mkodi gari pamoja. Na atakapokuja mtu wa kukuambia kwamba ataziondoa kwa bei ya kutupa, mwulize kwanza atazitupa wapi. Akisita kujibu, usimpe kazi.